Timu ya wanawake ikialikwa, iende wapi? Algarve, SheBelieves, Uturuki na COSAFA

Barua ya mwaliko ikifika kwenye shirikisho, habari husambaa haraka. Wachezaji hupigwa picha uwanja wa ndege wakiwa na bendera, wanaondoka, wanarudi, na sisi mashabiki tunauliza jambo moja tu: wamefungwa ngapi? Kwangu mimi swali kubwa linatakiwa kuulizwa kabla ya ndege kuruka. Mwaliko huu unatufaa? Michuano ya mwaliko ya soka la wanawake inatofautiana mno. Ipo inayokupa mechi nne za ushindani kwa siku kumi, na ipo inayokupa uwanja uliojaa watu na kipigo ambacho hakikufundishi kitu.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa Twiga Stars wa Tanzania, Harambee Starlets wa Kenya na majirani zetu wa Uganda, Rwanda na Burundi, naweka mbele nafasi ya mgeni kwenye COSAFA, kombe la nchi za kusini mwa Afrika, kisha michuano ya Februari kule Uturuki. SheBelieves ya Marekani, yenye jina kuliko zote, naiweka mwisho. Kwa shabiki anayetaka kuangalia mpira mzuri tu, mpangilio huo unageuka, na nitafika huko.

Kipimo ni Algarve

Huwezi kupima mwaliko wowote bila kuijua Algarve Cup. Algarve ni pwani ya kusini mwa Ureno. Majira ya baridi watalii hupungua, hoteli hubaki na vyumba, hali ya hewa si kali kama kaskazini mwa Ulaya, na miji midogo kama Lagos, Albufeira na Vila Real de Santo António ina viwanja vyake. Huko ndiko michuano hii ilikoanzia mwaka 1994. Norway ilichukua kombe la kwanza, na mwaka uliofuata ikachukua Kombe la Dunia. Marekani imelitwaa mara 10, kuliko nchi yoyote. Watu wa soka waliita michuano hii Kombe la Dunia dogo, na kwa miaka mingi, katika mwaka usio na Kombe la Dunia wala Olimpiki, ndiko timu kubwa za wanawake zilikokutana.

Siri yake ilikuwa muundo. Kwa miaka mingi zilialikwa timu 12 katika makundi matatu. Kundi A na B yalikuwa ya vigogo, na washindi wake ndio waliocheza fainali. Kundi C lilikuwa la timu zinazochipukia, ambazo hazikuwa na njia ya kufika fainali. Wapo walioliona hilo kuwa ubaguzi. Mimi naliona kuwa busara, maana timu ya kundi C ilicheza mechi tatu na wenzake wa kiwango chake, kisha mechi ya nne ya kuwania nafasi, ambayo kwa waliofanya vizuri kundini ilikuwa dhidi ya timu iliyowazidi kidogo. Kila aliyekwenda alirudi na mechi nne. Hakuna aliyefunga safari ndefu akacheza mara mbili na kuondoka.

Mwenyeji Ureno mwenyewe alicheza kundi C mara nyingi. Shirikisho lake halikujipa nafasi kwenye kundi la vigogo kwa sababu tu uwanja ni wake. Lilikubali kuanzia chini na kurudi hapo mwaka baada ya mwaka. Ureno ilifika Euro kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Kwenye Kombe hilo la Dunia, uwanja wa Eden Park mjini Auckland, ilitoka 0-0 na Marekani, na dakika za nyongeza Ana Capeta akagonga mwamba. Mpira ule ungeingia, Marekani ingeaga kwenye makundi. Siwezi kusema Algarve peke yake ndiyo iliyoijenga Ureno, kwa sababu ligi ya nyumbani na vilabu vikubwa vilivyofungua timu za wanawake vina sehemu yao. Lakini timu iliyozoea kuwaona Wamarekani, Wajerumani na Waswidi kila Machi nyumbani kwake haiingii uwanjani kwa hofu.

Poland nayo ni mfano. Baadaye makundi yalipopangwa upya ili kila timu iwe na njia ya kufika fainali, Poland iliingia fainali ya 2019 na kufungwa 3-0 na Norway. Wakati huo haikuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia wala Euro. Mwaka 2025 ilicheza Euro yake ya kwanza.

Algarve ilikuwa na mapungufu yake. Mechi nyingi zilichezwa mchana mbele ya watu wachache, na kwa miaka mingi nyingi hazikuonekana kwenye televisheni. Mwaka 2018 mvua iliharibu fainali, Sweden na Uholanzi wakagawana ubingwa. Mwaka 2020 fainali haikuchezwa kwa sababu ya korona iliyoilazimu Italia kurudi nyumbani, na Ujerumani ikapewa kombe. Sweden ilishinda mwaka 2022, lakini tangu Septemba 2023 timu za Ulaya zina Nations League yao ya wanawake, ambayo imekula nafasi nyingi za kalenda zilizokuwa za michuano ya aina hii. Kwa hiyo naitaja Algarve kama kipimo, si kama safari ya kupanga sasa. Uingereza imepitia hali hiyo hiyo: Arnold Clark Cup ilichezwa mwaka 2022 na 2023, England ikashinda zote mbili, kisha Nations League ikaanza.

SheBelieves: mwanga mkubwa, nafasi nne tu

Mwaka 2016 Marekani iliacha kwenda Ureno ikaanzisha michuano yake. Timu ni nne: mwenyeji na wageni watatu. Mwaka wa kwanza walialikwa Ujerumani, England na Ufaransa, na hapo unaona Algarve ilivyopoteza kilele chake. Marekani imeshinda mara nyingi, lakini Ufaransa ilichukua 2017, England 2019 na Japan 2025.

Kwa utazamaji, hakuna inayoifikia. Siku moja, uwanja mmoja, mechi mbili mfululizo kwa tiketi moja. Viwanja vinajaa, matangazo ni ya kiwango cha juu, na hakuna mpinzani dhaifu. Fainali ya 2024 mjini Columbus, Marekani na Canada walitoka 2-2 na kuamuliwa kwa penalti. Mwaka uliofuata Japan iliifunga Marekani 2-1 mjini San Diego na kubeba kombe, na aliyeiangalia aliona jinsi pasi fupi za haraka zinavyoweza kuumaliza mpira wa nguvu.

Hata mwenyeji huumia humo. Mwaka 2017 Marekani ilifungwa 1-0 na England, ikafungwa 3-0 na Ufaransa, ikamaliza ya mwisho kwenye kombe lake yenyewe. Miaka miwili baadaye ilikuwa bingwa wa dunia. Hiyo ndiyo faida ya kucheza na waliokaribiana nawe: ukifungwa unaona wapi pameoza, na unapata muda wa kurekebisha.

Sasa tugeukie Afrika. Kuanzia 2016 hadi 2025 hakuna timu ya Afrika iliyocheza SheBelieves. Nigeria na Afrika Kusini zimealikwa Marekani kwa mechi za kirafiki, Nigeria mwaka 2022 na Afrika Kusini mwaka 2023, lakini si kwenye michuano yenyewe. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu Nigeria haijakosa Kombe la Dunia la wanawake hata moja tangu 1991, na bado haijapewa kiti kimoja kati ya vile vitatu. Hata hivyo, mwaliko huo ukija kesho kwa timu ya Afrika Mashariki ningependa shirikisho lifikiri mara mbili. Mechi tatu za kukimbiza mpira bila kuugusa hazimpi kocha picha ya kikosi chake. Beki anayelindwa na wachezaji tisa nyuma ya mpira kwa dakika 90 hajajifunza kupanga mashambulizi, na mshambuliaji aliyegusa mpira mara chache hajajifunza lolote.

Cyprus na Uturuki: Waafrika walikopita

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu timu za bara letu zimepita njia hizi na matunda yake yanaonekana.

Cyprus Cup ilianza mwaka 2008, ikichezwa wakati uleule wa Algarve. Ilikuwa kimbilio la timu zilizokosa nafasi Ureno na zile zilizopenda kuandaa kikosi mbali na macho ya wengi. Canada, England na Ufaransa zilibeba kombe hilo zaidi ya mara moja. Afrika Kusini ilikwenda huko mara nyingi. Banyana Banyana hawakuwa wakirudi na makombe. Walirudi na vipigo, sare, na ushindi mmoja mmoja dhidi ya timu za Ulaya za daraja la kati. Mwaka 2019 walikwenda tena wakiwa wanajiandaa kwa Kombe lao la Dunia la kwanza. Kwenye Kombe hilo, lililochezwa Ufaransa, hawakupata pointi, lakini tazama kilichofuata: mwaka 2022 waliifunga Morocco 2-1 mjini Rabat mbele ya uwanja uliojaa, Hildah Magaia akifunga yote mawili, wakawa mabingwa wa Afrika. Mwaka 2023 wakaifunga Italia 3-2 na kuingia hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Italia hiyo ilikuwa imefika fainali ya Cyprus mwaka 2019. Wachezaji wa kocha wao Desiree Ellis walikuwa wameshazoea mpira wa Ulaya wa aina ile, kasi yake na ujanja wake kwenye mipira ya adhabu, muda mrefu kabla ya usiku ule.

Uturuki nayo imekuwa ikiandaa Turkish Women's Cup kwenye pwani ya Antalya na Alanya. Sababu za kufaa kwake ni zilezile za Algarve: majira ya baridi, hoteli nyingi zenye viwanja vya mazoezi, na timu nyingi zilizopiga kambi mahali pamoja. Februari 2021 Nigeria ilialikwa, kocha Randy Waldrum akiwa ndiyo kwanza anaanza kuongoza Super Falcons uwanjani. Iliifunga CSKA Moscow 1-0, ikashinda na mechi zake nyingine, ikarudi na kombe. CSKA ni klabu, si timu ya taifa, na humo ndimo udhaifu wa michuano hii ulimo: kiwango cha wapinzani hakitabiriki. Unaweza kupangiwa timu ngumu, unaweza kupangiwa inayofungwa tisa. Anayekubali mwaliko lazima aulize majina ya wapinzani kabla ya kusaini.

Kenya nayo ilipita Uturuki. Novemba 2019 Harambee Starlets walichukua ubingwa wa CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam, kwa kuifunga Tanzania 2-0, Jentrix Shikangwa akipachika yote mawili. Machi 2020 wakaenda Uturuki na kukutana na Chile, iliyokuwa imetoka Kombe la Dunia la Ufaransa na ilikuwa ikijiandaa kwa mchujo wa Olimpiki. Walifungwa vibaya. Wapo waliosema ile safari ilikuwa aibu. Mimi nasema ilikuwa safari sahihi iliyokosa mwendelezo. Bingwa wa Afrika Mashariki alijua ndani ya dakika 90 umbali uliobaki, na jambo la lazima lilikuwa kurudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena, kama Afrika Kusini ilivyofanya Cyprus. Korona ilifunga dunia wiki chache baadaye. Mwaliko wa mara moja unakupa kumbukumbu. Wa kila mwaka ndio unaokujengea timu.

COSAFA: kualikwa kwa jirani

Watu wengi hawaihesabu COSAFA kuwa michuano ya mwaliko, kwa sababu ni kombe la nchi za kusini mwa Afrika. Lakini kwa Afrika Mashariki ndiyo mwaliko wenyewe, kwa kuwa huwa na nafasi za wageni. Kenya na Uganda zimewahi kuitwa. Mwaka 2021 waliitwa Tanzania, Uganda na Sudan Kusini, michuano ikachezwa Afrika Kusini, kwenye manispaa ya Nelson Mandela Bay.

Twiga Stars chini ya Bakari Shime walimaliza kileleni mwa kundi lao lililokuwa na Botswana, Zimbabwe na Sudan Kusini. Nusu fainali waliitoa Zambia kwa penalti, Zambia iliyokuwa imetoka kucheza Olimpiki ya Tokyo miezi michache kabla. Fainali wakakutana na Malawi, iliyokuwa imemtoa mwenyeji Afrika Kusini. Enekia Kasonga akafunga bao pekee. Mgeni akaondoka na kombe.

Hesabu mechi: tano ndani ya siku 12, katika hizo mbili za mtoano, moja ikiwa na presha ya penalti. Hakuna mwaliko mwingine niliotaja humu unaotoa hivyo. Na wapinzani walikuwa wa kiwango kinachofaa, wa kushindwa au kushinda kwa bao moja, wenye mshambuliaji mmoja au wawili wa kuogopwa. Desemba 2023 Twiga Stars waliitoa Togo kwa jumla ya mabao 3-2 na kufuzu WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, mashindano waliyokuwa wameyakosa tangu 2010. Julai 2025 kule Morocco walitoka 1-1 na Afrika Kusini, bingwa mtetezi. Walifungwa na Mali na Ghana, hawakuvuka kundi, lakini ile sare haikuwa ya bahati. Walikuwa wameshacheza mpira wa kusini, wanajua Banyana wanavyojenga mashambulizi.

COSAFA ina tatizo moja kubwa, nalo ni kalenda. Mara nyingi haiangukii kwenye tarehe za FIFA, na klabu hailazimiki kumwachia mchezaji nje ya tarehe hizo. Kwa Tanzania hilo linamaanisha kukosa wachezaji wa klabu za nje, wa aina ya Aisha Masaka, Clara Luvanga au Julietha Singano. Kocha anayeandaa kikosi cha kwanza analia. Kocha anayetafuta wachezaji wapya kutoka ligi ya nyumbani anafurahi, kwa sababu binti wa Simba Queens, Yanga Princess au JKT Queens anapata mechi tano za kimataifa ambazo pengine asingezipata. Michuano ya Februari, Uturuki ikiwemo, hupangwa kufuata tarehe za FIFA, kwa hiyo nyota wa nje wanakuja. Ndiyo maana sioni sababu ya kuchagua mmoja na kuacha mwingine: COSAFA kwa kutafuta wachezaji, Februari kwa kuunganisha kikosi.

Mambo ya kusoma kwenye barua

Nani analipa ndege, nani analipa hoteli? Mwenyeji akigharamia malazi na chakula, kinachobaki ni tiketi, na Istanbul ina ndege za moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na Kigali. Viza ya Marekani au ya Schengen kwa msafara wa watu zaidi ya 30 ni kazi ya kuanza mapema mno, na timu nyingi za Afrika zimewahi kufika na kikosi pungufu kwa sababu ya karatasi.

Mechi ngapi zimehakikishwa? Chini ya tatu, kataa. Muundo wa nusu fainali na fainali kwa timu nne, kama SheBelieves ilivyofanya 2024, unakupa mbili tu.

Wapinzani ni kina nani kwa viwango vya FIFA? Binafsi nataka mmoja wa chini yetu, mmoja wa kulingana nasi, na mmoja au wawili waliotuzidi kwa nafasi 20 hadi 30. Wakitoka kwenye bara tutakalopambana nalo, bora zaidi. Anayejiandaa kwa WAFCON anahitaji kuonja mpira wa Afrika Magharibi, na huo huupati Alanya isipokuwa Ghana au Nigeria iwe imealikwa pia.

Je, mechi zitaonekana? Wachezaji wetu wanatafuta klabu za nje. Skauti anayetazama mechi nzima kwa kamera nzuri anaweza kumbadilishia binti maisha. Hapa SheBelieves ingewashinda wote kwa mbali, na nakiri hoja hiyo ina uzito.

Kwa anayetaka kuangalia tu

Uko Marekani, hasa Houston, Columbus au Atlanta, miji ambayo imewahi kuandaa SheBelieves na ina Waswahili wengi? Usifikiri mara mbili, nunua tiketi. Mechi mbili za timu bora duniani kwa siku moja ni zawadi kwa binti yako anayecheza mpira. Uko Dar au Mombasa, jiandae kukesha. Mechi ya Februari inayoanza saa moja usiku Atlanta, kwetu ni saa tisa usiku. Ikiwa San Diego, kwetu kumepambazuka, saa kumi na mbili asubuhi.

Saa ya Antalya ni sawasawa na yetu mwaka mzima, ila matangazo huwa ya kubahatisha, mara nyingi ni kupitia mtandaoni. COSAFA iko saa moja tu nyuma yetu. Anayeweza kusafiri kwa basi au ndege kwenda kusini atapata viti vya karibu na uwanja, wachezaji anaowajua kwa majina, na ngoma za mashabiki wa Zambia na Malawi ambazo hazinyamazi. Mimi ningekwenda huko kwanza, hasa mwaka ambao Twiga Stars au Starlets wameitwa, kwa sababu mgeni anayeshangiliwa na watu kumi wa kwao husikia kila sauti.